Kidonda cha mwiba wa kambale mwezi wa tatu hakiponi, sasa vinundu vinapanda mkono. Naombeni msaada

Mfugaji_Ihumwa

Mbukwenyi wakuu. Nina shida na mkono wangu wa kulia na nimefika mahali sijui nielekee wapi, mwenye uelewa anisaidie.

Mimi nafuga samaki huku Ihumwa, Dodoma, nina mabwawa mawili ya kutandika nailoni ya sato na matangi matatu ya kambale. Mwezi wa pili mwishoni tulikuwa tunachambua kambale, wakubwa huku wadogo kule, maana wasipotenganishwa wanalana, sasa mmoja akajirusha akanichoma na ule mwiba wa ubavuni hapa juu ya kidole cha shahada kwenye kifundo. Damu ikatoka kidogo, nikasuuza humohumo kwenye maji ya tangi nikaendelea na kazi. Siku mbili pakawa pamefunga nikasahau kabisa.

Kama wiki tatu mbele ndo nikaona kakipele kagumu, keusi cha kuelekea zambarau, hakaumi wala hakawashi. Nikajua ni chunjua. Kakakua mpaka ukubwa wa punje ya karanga, juu kakaota gamba, ukilibandua chini panatoa majimaji yenye damu, usaha hamna. Nikaenda zahanati moja nikaandikiwa ampikloksi siku saba, sikuona tofauti. Nikarudi, wakasema ni jipu halijaiva wakanipasua, hakikutoka kitu zaidi ya damu, na hapo ndo pakawa kidonda kabisa. Duka la dawa nikauziwa tyubu ya kupaka, ile ya mchanganyiko, wiki ya kwanza kikanywea nikafurahi, wiki ya pili kikafumuka kuliko mwanzo.

Kilichonitisha ni hiki sasa. Wiki iliyopita naoga, nikapitisha sabuni mkononi nikahisi kitu chini ya ngozi, kuangalia kuna kinundu mgongoni mwa kiganja, kingine juu ya kifundo cha mkono, kingine katikati kuelekea kwenye kiwiko. Vimejipanga mstari mmoja kama shanga kwenye uzi. Homa sina, nakula vizuri, uzito uleule. Sukari nimepima iko sawa, HIV sina.

Mama mkwe yuko Bahi anasema nimekanyaga tego nikatafute mtu wa kunitoa, jirani anasema kansa. Mke wangu ameacha kunipa mtoto nimbebe, ana miezi minane, na hilo linaniuma kuliko kidonda chenyewe. Hiki kitu ni nini, kinaambukiza, na niache kazi ya samaki?

Dada_wa_Makole

Pole sana kaka yangu. Mimi sio mtu wa hospitali ila miezi mitatu ni mingi, usikae tena nyumbani na usipake kitu kingine. Ngoja wataalamu waje.

Msela_Nkuhungu

Mkuu mimi kilishanitokea kidonda sugu mguuni, nilikuwa natia mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi halafu naweka kitunguu saumu kilichopondwa nafunga na kitambaa usiku kucha, kilikauka. Na vile vinundu mtafute mtu avitumbue na wembe mpya vikiwa bado vidogo, visikomae.

Tabibu_Kongwa

Kaka Mfugaji pole. Mimi ni tabibu, nimezunguka vituo vya afya vya hii kanda ya kati. Naanza na ya Msela maana nina hofu utaamka asubuhi ufuate: mkuu najua umesema kwa nia njema, ila kitunguu saumu kibichi kikikaa usiku kucha kinaunguza ngozi, nimeshaona malengelenge yake. Na wembe kwenye vinundu vile ni kufungua milango mingine mitatu ya vidonda. Usifanye.

Sasa kaka, mimi sijakuona na mkono wako unatakiwa kushikwa na kuchukuliwa kipimo. Ila ulivyosimulia, mwiba wa samaki, halafu kimya cha wiki tatu, halafu kinundu kisichouma, halafu vingine vinapanda kwa mstari kufuata njia ya limfu (vile vimishipa vya kinga ya mwili), cha kwanza kinachonijia kichwani ni maambukizi ya bakteria wa kwenye maji anaitwa Mycobacterium marinum. Huyo yuko kwenye ukoo wa kifua kikuu, ndugu yake, ila sio TB yenyewe. Anaishi kwenye maji baridi na ya chumvi, kwenye matangi, mabwawa, akwariamu, na anawaambukiza samaki wenyewe. Kwa binadamu anaingia palipochubuka au kuchomwa tu. Kwenye ngozi nzima hapiti.

Kwa nini anakaa mikononi? Huyu bakteria anapenda joto la kama nyuzi 30 mpaka 33. Ndani ya mwili ni 37, kwake huko ni kukali, anadumaa. Mikono na miguu ndo imepoa kidogo kuliko tumbo na kifua, kwa hiyo anajenga huko huko. Ndo maana huna homa na hukondi. Na ndo maana kwa mtu mwenye kinga nzuri ni nadra sana kuingia ndani ya mwili, ingawa akiachwa muda mrefu anaweza kushuka kwenye kano, kwenye jointi na hata mfupa wa kidole. Naomba unijibu: hicho kidole unakikunja mpaka mwisho? Asubuhi kinakakamaa?

Kuhusu mtoto: HAAMBUKIZI mtu kwa mtu. Funika kidonda na gozi safi, nawa mikono, mbebe mwanao. Mwonyeshe mkeo hii.

Ampikloksi kushindwa sio ajabu, dawa za jamii ya penisilini hazimgusi huyu kabisa. Na hiyo tyubu ya mchanganyiko ndani yake huwa kuna steroidi, inatuliza uvimbe ngozi inaonekana nzuri wiki moja, wakati huohuo inazilaza askari wa mwili bakteria anazaliana kwa raha. Acha leo.

Ila usiniambie umeshapona kwa maelezo yangu. Vipo vingine vinavyofanana naye: kuna fangasi wa kwenye miba ya mimea na udongo anaitwa sporothrix, anapanda mkono kwa mstari hivihivi, na dawa yake ni tofauti kabisa. Kuna TB ya ngozi. Kuna lishmania ya ngozi, ya vimelea wanaoletwa na usubi. Na hata kansa ya ngozi lazima itazamwe. Bila kuchukua kinyama hatutajua.

Mfugaji_Ihumwa

Dokta Mungu akubariki, nimemwonyesha mama watoto amesoma mara mbili. Kidole nakikunja chote ila asubuhi kinakuwa kizito kidogo kama nimekilalia. Hiyo zahanati hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na mimi sikusema maana niliona ule mchomo ulishapona zamani.

Mtu_wa_Maabara

Hapo uliposema hakuna aliyekuuliza kazi ndo nimeingia kuandika, maana hilo ndo linatuumiza hata sisi huku ndani maabara. Kaka nisikilize kwa makini, ukienda hospitali usiondoke bila kuhakikisha haya.

Daktari akikata kinyama (wanakupiga ganzi, ni kipande kidogo tu kama punje ya mtama, mshono mmoja au miwili) kile kinyama kigawanywe mara mbili. Kipande kimoja kinaingia kwenye fomalini, hicho kinaenda kwa wanaoangalia nyama kwa darubini. Kipande cha pili kiwekwe kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, TU, kije maabara kuoteshwa. Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu fomalini inaua kila kitu, na mara nyingi sana kinyama chote kinadumbukizwa kwenye fomalini kwa mazoea, kikifika kwangu nimeletewa maiti, hakuna cha kuotesha. Mgonjwa ameshakatwa, ameshashonwa, anaambiwa arudi akakatwe tena.

La pili, kwenye fomu iandikwe kwa herufi za kusomeka: MFUGAJI WA SAMAKI, ALICHOMWA NA MWIBA, OTESHA NYUZI 30. Inkubeta zetu nyingi (makabati ya joto ya kuoteshea) zimesetiwa 35 mpaka 37 kwa sababu bakteria wengi wanaosumbua watu wanapenda hapo. Huyu wa majini ukimweka 37 hasa akiwa ametoka moja kwa moja mwilini haoti au anaota kwa kusuasua, halafu majibu yanatoka "hakuna kilichoota" na daktari anaamini hamna kitu. Nikijua mapema natenga chupa mbili, moja 30 na nyingine 37, na ile tofauti yenyewe ni jibu. Anachukua wiki mbili mpaka sita kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa subiri. Halafu pia waombe waoteshe na ya fangasi kwenye kinyama hichohicho, kama alivyosema Tabibu.

Nikupe na kitu ambacho mimi nakipenda kuhusu huyu mdudu. Akiota gizani makoloni yake (vile vishungu vinavyoota kwenye chupa) yanakuwa rangi ya krimu, ukiyatoa ukayaweka kwenye mwanga yanageuka njano ya kuiva kabisa kama kiini cha yai la kienyeji. TB ya kawaida haifanyi hivyo. Mara ya kwanza naona niliacha chupa pembeni ya dirisha nikaisahau, niliporudi kesho yake nikadhani nimechanganya chupa za watu.

Na usishangae vipimo vya haraka vikisema hasi. GeneXpert inatafuta TB, huyu hamtambui. Kupaka rangi na kuangalia kwa darubini mara nyingi hawaonekani maana wanakuwa wachache sana kwenye kinyama. Na kile kipimo cha TB cha kuchoma chini ya ngozi ya mkono kinaweza kuvimba kikasema chanya kwa sababu ni ndugu, mtu anaanzishiwa dozi ya TB bure.

Tabibu_Kongwa

Asante sana mkuu wa maabara, hapo kwa TB niongezee maana watu wengi wanaangukia hapo. Majibu ya kinyama cha fomalini yakirudi yanasema granuloma (kijivimbe cha seli za kinga zilizozingira mdudu), na granuloma kwetu Tanzania mtu akisoma tu anawaza TB. Anaanzishiwa vile vidonge vya mchanganyiko wa dawa nne. Sasa kati ya hizo nne, mbili, isoniazidi na pirazinamidi, huyu wa majini hazimsumbui. Rifampisini na ethambutoli zinamfanyia kazi. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa anaona nafuu, halafu utaratibu wa TB unaondoa ethambutoli anabaki na rifampisini na isoniazidi, maana yake kwa huyu bakteria umebakiwa na dawa moja peke yake, na dawa moja kwa ukoo huu, kikiwa kimeshapanda hivi, ni kumfundisha usugu. Kwa hiyo daktari anayejua atachagua dawa mbili zinazomgusa na kuzishikilia mpaka mwisho.

Mama_Akwariamu

Jamani nimesoma huku nashika mkono wangu. Mimi niko Area D nilikuwa nauza samaki wa mapambo na matangi ya vioo, nilipata hiki kitu kwenye kidole gumba na nimekaa nacho miezi kumi na moja kabla mtu hajakijua. KUMI NA MOJA. Niliambiwa fangasi, nikaambiwa mzio wa sabuni, nikaambiwa gauti, nilichomwa sindano sehemu sijui ngapi na hela imeenda nisiseme. Mpaka nilipokutana na daktari wa ngozi mmoja mdada kijana tu, ameniangalia kama dakika moja halafu akaniuliza "mama unafuga samaki?" Nililia pale pale kwenye kiti. Sio kwa maumivu, nililia kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nasafisha matangi na mikono mitupu kila asubuhi na kidonda changu kikiwa wazi na hakuna aliyeuliza, hata mimi mwenyewe sikuunganisha.

Mimi nilipewa klarithromisini miligramu 500 asubuhi na jioni pamoja na ethambutoli iliyopigiwa hesabu kwa kilo zangu. Jumla nimemeza miezi mitano. Wiki tatu za kwanza hamna kitu, kaka nakuandaa mapema, wiki tatu unameza tu na kidonda kinakutazama, usiache. Wiki ya nne au ya tano ndo pembeni pakaanza kunywea. Na kilipofunga kabisa daktari akasema endelea miezi miwili mbele, nikaona ananionea ila akanielewesha kwamba ngozi inafunga juu wakati chini bado wamo. Klarithromisini mdomo unakuwa mchungu kama umelamba shilingi, nilikuwa natafuna ubuyu kuondoa ile ladha.

Cha macho usidharau. Ethambutoli inaweza kugusa mshipa wa jicho, mimi nilipimwa macho kabla ya kuanza na kila mwezi, unapewa kitabu cha vidoti vya rangi unasoma namba iliyojificha. Ukiona nyekundu na kijani zinafifia au ukungu unaingia, acha dawa uende siku hiyohiyo.

Mtumishi_Chamwino

Samahani naomba kuuliza, mbona wengine wanapewa doksisaiklini? Shemeji yangu alipewa hiyo tu.

Tabibu_Kongwa

Inatumika dada, kwa kinundu kimoja kidogo cha juu juu daktari anaweza kuanza na dawa moja, doksisaiklini au klarithromisini, hata septrini imeshatumika. Kikianza kupanda mkono kama cha ndugu yetu au kikigusa kano na jointi ndo wanachanganya mbili, na kama kimeingia kwenye kano upasuaji wa kusafisha unaweza kuhitajika. Doksisaiklini mjamzito na mtoto chini ya miaka minane hapana, na kwa jua letu la Dodoma inafanya ngozi iungue haraka, kofia na mikono mirefu. Meza na maji mengi ukiwa umekaa wima, usilale hapohapo, inachoma koromeo. Na rifampisini kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango au ARV lazima daktari ajue, inashusha nguvu ya hizo dawa.

Lakini jamani msikimbilie duka la dawa na hii listi. Kipimo kwanza.

Mvuvi_Mtera

Naomba niingilie kidogo maana nasoma humu kila mtu anasema wiki tatu, miezi, hakiumi, nikaogopa mtu atasoma akadhani vidonda vyote vya maji vina subira.

Mimi navua bwawa la Mtera. Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu alikatwa na chupa iliyovunjika kwenye tope pale tunapoegesha mitumbwi, kwenye unyayo, jioni. Akaosha akalala. Asubuhi mguu umevimba mpaka kwenye goti unawaka, saa sita mchana ngozi ya juu ya unyayo imekuwa nyeusi ina malengelenge ya maji ya damu na homa anatetemeka kwenye blanketi na jua lote lile. Kituo cha karibu wakampa amoksilini akae mpaka kesho. Kaka yangu akakataa, tukampakia kwenye pikipiki katikati yetu mpaka barabarani, tukapata gari. Hospitali kubwa walipomwona tu wakamwingiza theatre usiku uleule wakaupasua mguu wakatoa nyama iliyooza, wakamwekea dripu za dawa. Daktari alituambia huyo bakteria anaitwa Aeromonas, yumo kwenye maji baridi ya mabwawa na mito, na amoksilini anaimeza kama maji. Nakumbuka aliniambia "mngesubiri kesho tungeongea habari ya kukata mguu". Yule kijana alikuwa na sukari na hatukujua, tulijulia pale.

Sasa hivi anatembea, ana kovu kubwa tu.

Tabibu_Kongwa

Mzee wa Mtera asante sana kwa hili, nilipaswa kulisema mwanzo. Wasomaji mzitenganishe hizi mbili. Kidonda cha maji kinachovimba ndani ya siku moja au mbili, maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda, homa, ngozi inageuka rangi, malengelenge, hiyo ni dharura, usiku usilale nayo nyumbani. Aeromonas anatibiwa na dawa kama siprofloksasini au seftriaksoni, na kisu kikihitajika kinahitajika saa hiyohiyo. Wenye sukari, wenye ini bovu, wenye kinga iliyoshuka ndo anaowamaliza zaidi. Ndugu zetu wa pwani wana mwingine wa maji ya chumvi, Vibrio vulnificus, tabia yake ni hiyohiyo ya kasi.

Na katikati yupo mwingine wa wapara samaki sokoni, Erysipelothrix, siku mbili hadi saba baada ya kujikata kidole kinavimba, kinakuwa zambarau chenye kingo zinazoonekana, na kinauma sana, kinachoma. Huyo penisilini inamtoa vizuri. Mnaona? Dawa ileile iliyoshindwa kwa Mfugaji kwa mwingine ndo tiba. Ndo maana muda tangu kuchomwa mpaka kuvimba daktari lazima aujue, mwambie hata asipouliza. Na chanjo ya pepopunda kwa kila aliyechomwa.

Bwana_Samaki_Dom

Mimi nipo upande wa ufugaji. Mfugaji usifunge mradi. Angalia samaki wako: kuna waliokonda mgongo umekuwa kama kisu, rangi imefifia, vidonda ubavuni, wanajitenga juu juu? Wakifa mpasue mmoja ukiwa na glavu, ukikuta ini na bandama lina vipele vyeupe vyeupe kama chenga za mchele mwite afisa uvuvi wa kata. Ukishawapata wanaougua usiwarudishe sokoni wala kuwatupa bwawani, wafukie. Samaki aliyepikwa akaiva hana tatizo, wateja wako wasiogope.

Punguza msongamano kwenye tangi la kambale, toa mabaki ya chakula chini kila siku, maana ule utelezi wa kwenye kuta ndo makazi yao. Nyavu na ndoo zianike juani zikauke kabisa kabla hujazitumia tangi jingine. Na ile tabia ya kuvuta mpira wa maji kwa mdomo ili maji yatoke, acheni jamani, naiona kila ninapopita.

Mfugaji_Ihumwa

Wakuu nimerudi. Nimeenda hospitali kubwa hapa mjini juzi, nikiwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi kama Mtu wa Maabara alivyosema. Nilipofika kwa daktari wa ngozi nikamwambia kabla sijakaa: mimi mfugaji wa samaki, nilichomwa na mwiba mwezi wa pili. Akaweka kalamu chini akaanza upya kunisikiliza.

Amenikata kinyama pembeni ya kidonda, ganzi ndo iliuma, kukata sikusikia. Nesi alikuwa ameshafungua kopo la fomalini anataka kukitumbukiza chote, nikamwambia dada samahani naomba kipande kimoja kwenye maji ya chumvi, akamwangalia daktari, daktari akasema ni kweli. Nimepigwa eksirei ya kidole, mfupa uko salama. Macho nimepimwa. Daktari amesema kwa jinsi kinavyoonekana hatasubiri wiki sita, ameanza kunipa klarithromisini na ethambutoli, majibu yakija tofauti tutabadilisha. Akasema alisomea ngozi pale KCMC Moshi, na kwamba hiki kitu kimeandikwa tangu 1926, walikikuta kwanza kwa samaki waliokufa kwenye akwariamu ya Philadelphia Marekani, na 1951 huko Sweden wakakikuta kwa waogeleaji wa bwawa moja waliojichubua viwiko. Nilipotoka nilijisikia mwepesi, kumbe kina jina na kina umri.

Dada_wa_Makole

Utukufu kwa Mungu. Usisahau kutuletea majibu kaka.

Mfugaji_Ihumwa

Wiki ya saba leo. Majibu yametoka: chupa ya nyuzi 30 imeota, ya 37 hamna kitu, na wamesema ilipowekwa kwenye mwanga ikageuka njano. Mycobacterium marinum. Fangasi hamna, kansa hamna. Mtu wa Maabara nilipoambiwa habari ya njano nilikukumbuka.

Mama Akwariamu ulisema kweli, wiki tatu sikuona kitu na wiki ya nne nilishataka kuacha, nikarudi nikasoma ulichoandika nikameza. Sasa kinundu cha juu kabisa karibu na kiwiko sikisikii hata nikitafuta kwa kidole, cha pili kimelegea, na kidonda chenyewe kimeanza kujifunga kutoka pembeni, katikati pamebaki kama shimo la kichwa cha njiti. Daktari amesema miezi kama mitatu au minne mbele bado, tutaona. Mtoto analala juu ya mkono huuhuu.

Samaki nimepasua wawili waliokonda, kulikuwa na vile vipele kwenye ini. Tangi moja nimelimaliza lote, limeuma mfukoni ila nimefukia. Swali moja tu limebaki, hizi glavu za hospitali zinachanika kwa mwiba wa kambale hata dakika kumi hazimalizi. Kuna anayejua hapa Dodoma wapi napata zile ndefu nene za mpira zinazofika kwenye kiwiko?

Bwana_Samaki_Dom

Jaribu maduka ya pembejeo pale Majengo sokoni, uliza glavu za kupulizia dawa za mashamba, zile nene za kushika kemikali. Chukua saizi moja kubwa kuliko mkono wako ili uvae na za kitambaa ndani, jasho lisikusumbue. Na kila jioni zigeuze ndani nje uzianike.